Herufi kubwa ilivyoisumbua lugha ya C

ASCII, orodha ya Kimarekani inayoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, ilitoka mwaka 1963 bila herufi ndogo hata moja. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama herufi ni kubwa, maana zote zilikuwa kubwa. Herufi ndogo ziliingia katika toleo la 1967, zikapangwa kwa hesabu safi: A ni 65 na a ni 97; B ni 66 na b ni 98. Tofauti ni 32 kila mara, yaani biti moja tu.

Dennis Ritchie alipoiunda lugha ya C katika maabara za Bell, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970, hesabu hiyo ilirahisisha kazi. Namba ikiwa kati ya 65 na 90, herufi ni kubwa. Basi.

Mambo yalikuwa tofauti kwenye kompyuta kubwa za IBM, zilizofuata orodha nyingine iitwayo EBCDIC. Humo alfabeti imekatwa vipande vitatu, na katika mapengo yake hukaa alama nyingine. Programu iliyouliza tu kama namba iko kati ya A na Z iliweza kuipokea alama ya mabano kama herufi kubwa. Ndiyo maana waandishi wa programu walihimizwa waache kulinganisha namba wenyewe, watumie isupper, chombo cha maktaba ya C kinachoijua orodha ya mashine husika.

Hata hivyo, isupper hupima baiti moja, ambayo kwa kawaida ina nafasi 256 tu, wakati Kichina peke yake kina maelfu ya alama. C sanifu ya 1989 ikaleta wchar_t, yaani herufi pana. Toleo la kwanza la Unicode, orodha ya kukusanya maandishi ya dunia nzima, lilifuata mwaka 1991. Hatimaye nyongeza ya 1995 katika kiwango cha C ikaleta iswupper, ya kuzipima herufi pana.

Faida yake inaonekana hata Kenya. Kiswahili cha herufi za Kilatini kinatosheka na ASCII, lakini Kikuyu na Kikamba vina Ĩ na Ũ, ambazo hazimo ASCII wala Latin-1, orodha iliyozoeleka Ulaya Magharibi. Katika Unicode, Ũ ni 360 na ũ ni 361. Tofauti ni moja, si 32, kwa hiyo ile hesabu ya zamani haifui dafu hapa. Lazima kuwe na jedwali.

Tenzi za kale za Pate na Lamu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zinafundisha jambo jingine. Maandishi hayo hayatofautishi kubwa na ndogo. Iswupper itajibu hapana kwa kila herufi, nayo itakuwa imesema kweli. Atakayedhani kwamba isiyo kubwa ni ndogo ndiye atakayekosea.

Kuna mitego miwili zaidi. Kila programu ya C huanza katika mazingira ya msingi, na humo Ũ inaweza kukataliwa mpaka programu iite setlocale, chombo cha kubadili mazingira hayo. Pia Windows huipa herufi pana biti 16, Linux 32. Adlam, maandishi ya Kifulani yaliyobuniwa na ndugu wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, kuanzia mwaka 1989, yana herufi kubwa na ndogo, na yaliingia Unicode mwaka 2016. Namba zake hazienei katika biti 16, hivyo kwenye Windows herufi moja hugawanywa vipande viwili, na iswupper haiwezi kuitambua.

Anayeandika programu ya kupokea majina ya Waafrika asiridhike ikifaulu kwa A na Z. Aijaribu kwa Ĩ, kwa Kiarabu na kwa Adlam kabla ya kuikabidhi kwa watu.