Uchaguzi wa North Carolina, 1898: Hofu Ilipoingia Kituoni Kabla ya Mpiga Kura

Novemba 8, 1898, Daniel Russell, gavana wa jimbo la North Carolina nchini Marekani, alipanda treni kwenda kupiga kura Wilmington. Akiwa njiani kurudi Raleigh, wanaume wenye bunduki na mashati mekundu waliisimamisha treni wakaingia mabehewani kumsaka. Mkuu wa jimbo zima alinusurika kwa kujificha kwenye behewa la mizigo. Na kiti chake hakikuwa kikigombewa mwaka huo. Waliokuwa wakichaguliwa hasa ni wabunge.

Chuki hiyo ilitokana na muungano ambao mabwana wa zamani hawakuutarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 bei ya pamba ilianguka, na wakulima wadogo Weupe wakazama kwenye madeni. Wengi wao walikihama chama cha Democratic wakajiunga na chama kipya cha Populist. Mwaka 1894 chama hicho kilishirikiana na Republican, chama kilichoungwa mkono na wapiga kura Weusi, wakalitwaa bunge la jimbo kwa pamoja. Walipunguza riba ya mikopo, wakaongeza fedha za shule na kutunga sheria iliyozipa pande zote usimamizi wa vituo vya kura. Mwaka 1896 Russell akawa gavana, na George Henry White, wakili Mweusi, akachaguliwa kwenda bunge la taifa.

Maskini wa rangi mbili walikuwa wamegundua kwamba, wakihesabiwa pamoja, wao ndio wengi. Mwenyekiti wa Democratic katika jimbo hilo, Furnifold Simmons, aliliona hilo vizuri. Kwa hiyo hakujishughulisha na riba wala pamba. Kampeni yake ilijengwa juu ya rangi ya ngozi.

Gazeti la News and Observer la Josephus Daniels likawa ngome yake. Kila mara lilitoa habari za kumwonyesha mwanamume Mweusi kama tishio kwa wanawake Weupe, na kwa wasiojua kusoma likachapisha vibonzo. Agosti 1898 Alexander Manly, mhariri Mweusi wa Daily Record la Wilmington, alijibu kwamba baadhi ya mahusiano kati ya wanaume Weusi na wanawake Weupe yalikuwa ya hiari ya pande mbili. Maneno yake yalichapishwa tena na tena hadi siku ya kura, ili kuchochea hasira. Wakati huohuo wanaume walioitwa Mashati Mekundu walizunguka vijijini na farasi na bunduki, wakivunja mikutano na kuwaonya watu wasithubutu kufika vituoni.

Democratic walishinda zaidi ya theluthi mbili ya viti vya bunge la jimbo. Lakini Wilmington, mji mkubwa kuliko yote jimboni wakati huo na wenye wakazi wengi Weusi, bado ulikuwa na meya na madiwani wa muungano, Weusi kwa Weupe, ambao muda wao haukuwa umekwisha. Washindi hawakutaka kungoja. Novemba 10 Alfred Moore Waddell, aliyewahi kuwa mbunge wa taifa, aliongoza umati wenye silaha hadi ofisi za Daily Record, zikachomwa moto. Manly alikuwa amekwishakimbia. Risasi zikafuata mitaani. Weusi waliouawa hawakuhesabiwa kwa uhakika; makadirio yanaanzia watu kumi na kadhaa na kufikia mamia. Familia za Weusi zilikimbilia kwenye vinamasi na makaburini, zikalala huko katika baridi ya Novemba. Jioni hiyohiyo meya na madiwani walilazimishwa kujiuzulu, na Waddell akakalia kiti cha umeya. Rais William McKinley hakutuma askari.

Bunge jipya liliandaa marekebisho ya katiba yaliyopitishwa mwaka 1900: mpiga kura lazima ajue kusoma na alipe kodi ya kichwa. Ili Weupe wasiojua kusoma wasinaswe, aliyekuwa na baba au babu mwenye haki ya kura kabla ya Januari 1, 1867 alisamehewa mtihani wa kusoma. Weusi wengi walikuwa bado hawajapewa haki hiyo kabla ya tarehe ile. White aliondoka bungeni mwaka 1901, na jimbo hilo halikumpeleka tena Mweusi Washington hadi uchaguzi wa 1992.

Kwa miongo mingi watoto wa shule walifundishwa kwamba Wilmington kulitokea fujo zilizoanzishwa na Weusi. Mwaka 2006 tume iliyoundwa na jimbo lenyewe ilithibitisha kwamba yalikuwa mapinduzi yaliyopangwa.

Historia hii inastahili kusomwa kwa makini na kila anayethamini kura yake. Matokeo ya Novemba 8 yalitengenezwa miezi kadhaa kabla, pale maskini Mweupe aliposhawishiwa kumwogopa jirani yake kuliko mdai wake. Bunduki zilimalizia kazi ya magazeti, kisha sheria ikaufungia ushindi huo kwa zaidi ya nusu karne. Anayetaka kuilinda kura asingoje siku ya kuhesabu. Aanze siku wanasiasa wanapoacha kuzungumzia bei ya mazao na kuanza kuzungumzia asili ya watu.