Kura ya Dandora na Wanaosubiri Nyumba Leo

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni karani katika wizara moja, alinijia ofisini na swali. "Mwalimu," aliniuliza, "nisubiri nyumba ya serikali au nitafute nafasi zaidi kwa kupanga?" Amejiandikisha katika mpango wa nyumba za gharama nafuu na anaweka akiba kidogo kidogo ili afikishe malipo ya awali. Kwa kuwa anasubiri, yeye, mkewe na watoto wao wawili wamebanana katika chumba kimoja. Kila inapotokea nafasi ya kuhamia vyumba viwili, huambiana kwamba si busara kuongeza kodi ilhali nyumba yao i njiani.

Sikumjibu papo hapo. Nilimsimulia kwanza habari za marehemu baba yangu.

Mwaka 1975 Serikali ya Kenya ilipata mkopo wa Benki ya Dunia ili kuandaa makazi huko Dandora, mashariki ya Nairobi. Viwanja vilikuwa 6,000. Serikali haikukusudia kujenga nyumba kamili. Mwananchi angepewa kiwanja chenye maji, mtaro wa majitaka, choo na bafu, kisha angejijengea vyumba vyake polepole kwa mkopo wa vifaa vya ujenzi. Walengwa walikuwa watu wa kipato cha chini. Waombaji walikuwa wengi kuliko viwanja, hivyo majina ya waliotimiza masharti yakapigiwa kura.

Tusiibeze kura hiyo. Mji wa kikoloni ulimhesabu Mwafrika kuwa kibarua mpita njia: alipewa kitanda cha mseja, naye mke na watoto wakaachwa kijijini. Tume ya Carpenter ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba mfanyakazi alipwe ujira wa kutosha kuishi na familia yake mjini, jambo hilo lilionekana geni. Baada ya uhuru, nyumba zilijengwa, lakini zile zilizotajwa kuwa za maskini mara nyingi ziliishia mikononi mwa wenye nacho kidogo. Mtaa wa Umoja ni mfano unaojulikana. Wakati huohuo vibanda vya wasio na nacho vilibomolewa. Katika mazingira hayo, kura ilikuwa na sifa moja kubwa: haikuwa na ndugu wala kabila.

Baba yangu alikuwa tarishi wa serikali. Aliomba, akatimiza masharti, jina lake halikutoka. Jina lililotoka ni la mwenzake waliyefanya kazi pamoja, mwenye mshahara uleule. Miaka miwili baadaye baba alipanga chumba Dandora, katika kiwanja cha mwenzake huyo. Hapakuwa na ujanja wowote. Kanuni za mradi ziliruhusu kupangisha vyumba, na wapangaji wa mradi walitarajia kwamba kodi hiyo ingemsaidia mwenye kiwanja kulipa deni. Matarishi wawili waliingia katika kura wakiwa sawa. Mmoja akatoka mwenye nyumba na mwingine mpangaji wake.

Kadiri miaka ilivyopita, viwanja vingi viliuzwa, ghorofa zikapanda na vyumba vikaongezeka. Mtaa ulioanzishwa ili watu wajimilikie makazi ukawa mtaa wa wapangaji. Wanafunzi wanaonisoma watambue jambo hili: kura haikumtoa maskini wa Nairobi mikononi mwa mwenye nyumba. Ilizalisha wenye nyumba wapya.

Baba aliamini kwamba kungekuwa na kura nyingine. Kwa hiyo tulikaa mle "kwa muda", na muda huo ulikuwa miaka 19. Hakutaka kununua kabati, kwa kuwa lingesumbua siku ya kuhama. Nguo zetu zilikaa katika masanduku ya bati chini ya kitanda. Mama alipomwomba tuhamie vyumba viwili, jibu lilikuwa moja: subira huvuta heri. Alistaafu akarudi kijijini, nasi watoto tulikuwa tumekwisha kukua.

Leo Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Mwanafunzi wangu anakatwa. Nami pia nakatwa. Anachangia nyumba ambayo huenda asiipate, na mwisho wa mwezi humlipa kodi mwenye nyumba wake. Kuhusu kodi hiyo serikali imekaa kimya. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba huilinda nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miongo kadhaa iliyopita. Mwenye kuijua Nairobi ajiulize ni wangapi waliobaki chini ya kivuli hicho.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi bora. Haikusema kila mshindi. Uhaba ukigawanywa kwa haki bado ni uhaba, na walio wengi wataendelea kupanga. Kwa hiyo maafisa wa serikali wanaonisoma wana kazi mbili. Vigezo vya ugawaji na mpangilio wa foleni vichapishwe, ili anayesubiri ajue anasubiri nini. Pili, sheria ya mpangaji irekebishwe ilingane na kodi za leo. Nanyi wanaharakati, msihesabu nyumba zilizozinduliwa tu. Hesabuni pia miaka ya waliongoja.

Mwanafunzi wangu nilimwambia abaki katika orodha na aendelee na akiba yake maadamu haimnyimi chakula, lakini apange vyumba viwili sasa, watoto wake wangali watoto.

"Na jina langu likitoka mwezi ujao, Mwalimu?"

"Basi mtahama," nilimwambia. "Na mnunue kabati."