Tekenya na Papasi katika Njia ya Tabora

Wasomaji wetu, itajwapo njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji, twakumbuka pembe za ndovu, nguo na shanga, na kwa huzuni twakumbuka watumwa waliofungwa minyororo. Lakini walikuwamo wasafiri wawili wadogo ambao hawakuandikwa katika hesabu ya mfanya biashara yeyote, wala hawakulipa hongo kwa mtemi, nao hata leo hawajaisha katika nyumba za watu. Hao ni papasi na tekenya. Tumeona yafaa kueleza historia yao, maana ajuaye mlango alioingilia mwizi ndiye awezaye kuufunga.

Tuanze na papasi, kwa kuwa yeye ni mwenyeji wa zamani. Papasi ni kupe wa nyumbani, rangi yake kama udongo. Mchana hukaa katika nyufa za sakafu na za kuta; usiku hutoka, akanyonya damu ya mtu aliyelala chini, na kabla ya mapambazuko amekwisha kurudi ufani. Aweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa na watu si nyumba iliyohamwa na papasi.

Sasa zifikirini kambi za misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa ratili 60 hata 70 mchana, na jioni akajinyosha chini katika banda lile lile walimolala wengine jana na juzi. Papasi alinyonya damu ya mgonjwa, akangoja, kisha akamwuma mzima. Wengine walijificha katika mikeka na mizigo, wakachukuliwa mpaka kambi ya mbele. Hivyo homa ya papasi, ambayo humwacha mtu siku chache kisha humrudia, ilitembea kwa miguu ya watu.

David Livingstone alieleza ubaya wa kupe wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1857. Lakini chanzo cha homa hakikuthibitishwa mpaka miaka ya 1904 na 1905. Waganga wawili kutoka Liverpool, Dutton na Todd, walikuwa Kongo wakiichunguza. Wote wawili walishikwa nayo, na Dutton akafa mwezi wa Februari 1905 huko Kasongo, mji wa misafara ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka uo huo Robert Koch, mganga wa Kijerumani, aliwachunguza papasi katika vituo vya misafara vya nchi yetu, akaona kwamba vijidudu vya homa hupita hata katika mayai, hivi kwamba papasi mchanga huzaliwa amekwisha kuvirithi. Shauri lake kwa wasafiri halikuwa la dawa. Aliwaambia wasilale katika mabanda ya zamani, bali wapige hema zao mbali nayo kidogo.

Tekenya, ambaye wengi humwita funza, ni mgeni. Alikotoka ni Amerika, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1872 merikebu iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikafika Ambriz katika nchi ya Angola, nayo ilikuwa imepakiwa mchanga ili itulie baharini. Katika mchanga ule alikuwamo tekenya. Mwaka ule ule Livingstone alikuwa akingoja wapagazi wake Kwihara, karibu na Tabora; akaondoka mwezi wa Agosti, wala hapana mtu wa Unyanyembe aliyejua kwamba upande wa machweo msafiri mwingine ameshuka pwani. Kutoka kambi mpaka kambi, mguuni mwa mpagazi na askari, tekenya alilivuka bara lote. Katika miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kufika kwenye maziwa makuu, na kabla ya karne ile kwisha alifika pwani yetu na Unguja.

Madhara yake yalikuwa makuu. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Uzinza, kusini ya Ziwa Viktoria, mwaka 1892. Huko aliona watu walioharibika miguu na mikono, na vijiji vilivyopatwa na njaa kwa kuwa wenyewe hawakuweza kwenda shambani. Watu wale hawakuwa wavivu, bali adui alikuwa mpya, nao hawakuwa wamefundishwa kumtoa.

Basi na tutazame desturi zake. Tekenya wa kike hujizika katika ngozi, hasa chini ya ukucha na kisiginoni, akavimba kama punje ya choroko. Huko hutaga mayai mia na zaidi, kisha hufa. Mayai huanguka mavumbini, yakawa mabuu, na baada ya majuma matatu hivi huwa tekenya wazima wanaotafuta mguu. Tunasoma katika kitabu cha Kutoka jinsi mavumbi ya Misri yalivyogeuka kuwa chawa. Na mwenye nyumba ya mavumbi aweza kuielewa vema habari ile.

Tumeona basi kwamba wadudu hawa wawili wana ngome moja, nayo ni sakafu mbovu. Papasi hutaka ufa, tekenya hutaka vumbi. Kwa hiyo silaha zilizo bora hazina sumu, na nyingine zilijulikana na mama zetu. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na fagia kila siku, hata pembeni na chini ya kitanda. Kandika sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe mpaka iwe ngumu, na uirudie kila ipasukapo. Mwenye uwezo na aweke saruji. Ziba nyufa za kuta. Lala kitandani, mbali kidogo na ukuta. Kuku, mbwa na nguruwe wasilale ndani, kwa maana nao huwalisha wadudu hawa. Osha miguu jioni, uitazame miguu ya watoto, na uwavike viatu.

Aliyekwisha kuingiliwa na tekenya na atolewe kwa pini safi iliyochemshwa, wala pini moja isipite kwa watu wengi, maana kidonda kile ni mlango wa pepopunda. Wako wanaomwagia miguu mafuta ya taa, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hayo huunguza ngozi, na mavumbi yenye mayai yamebaki pale pale. Mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na ya nazi ni bora. Yalijaribiwa Kenya, na mwaka 1919 wa karne iliyopita ulipotimiza miaka 100, yaani 2019, ilitangazwa kwamba yanasaidia.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ikakoma; lakini wadudu wake hawakupanda gari la moshi kwenda zao. Katika miaka ya 1990 homa ya papasi ilikuwa ikiwapata watu wa Ugogo, juu ya njia ile ile ya kale, ikiwadhuru hasa wenye mimba na watoto wachanga. Na tekenya amehesabiwa na Shirika la Afya la Dunia tangu 2017 pamoja na magonjwa yaliyosahauliwa.

Neno la mwisho twawaambia hasa wazazi na walimu. Mtoto mwenye tekenya huchechemea, huchekwa, kisha huacha shule. Historia hii yatuonyesha kwamba ugonjwa wake haukutokana na laana wala uchawi, bali ulikuja kwa merikebu na kwa njia, ukakaa mahali palipokuwa na vumbi. Bwana wetu alishika beseni na kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi wake. Mkristo amwonaye jirani mzee asiyeweza kuinama, naye nyumba yake imepasuka sakafu, na achukue maji, udongo na ufagio, aende akamsaidie.