Mtoto Akienda kwa Mshauri, Mama Unabaki Wapi?

Leo tuzungumze juu ya mtoto anayepelekwa kwa mshauri kupata tiba ya mazungumzo, na mzigo unaombaki mzazi.

Mama mmoja aliniuliza, "Sista, mtoto anaingia mle ndani, mimi naachwa kwenye benchi. Kwani wanasema mimi ndiye niliyemharibu?" Mama, swali hilo lina historia ndefu.

Hapa kwetu Taita, wazee walikuwa na kutasa. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mzazi au jamaa huweza kumletea mtoto ugonjwa. Mwenye hasira aliitoa kwa maneno, akatema maji au pombe huku akiomba heri. Mtafiti Grace Harris, aliyeishi huku mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1978. Hospitalini hatufundishi kwamba hasira ya mtu huleta ugonjwa kwa njia hiyo. Lakini angalieni: jamaa hawakuachwa nje. Walikuwa sehemu ya tiba.

Wakoloni walileta njia nyingine. Mwaka 1910 walifungua Nairobi hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo leo ni Mathari. Mgonjwa alitengwa mbali na watu wake. Kutoka hapo jina Mathari likawa tusi, na mpaka leo jirani akisikia mtoto anaenda kwa mshauri, anasema ana wazimu. Si kweli. Mtoto aliyefiwa, aliyedhulumiwa au anayeogopa kupita kiasi anahitaji tu kusaidiwa mapema.

Ulaya nako, mwaka 1909, daktari Sigmund Freud alichapisha habari za mvulana wa miaka 5 aliyeogopa farasi. Aliyezungumza na mtoto siku kwa siku alikuwa baba yake. Baadaye lawama ikawaangukia wazazi. Mwaka 1967, huko Marekani, Bruno Bettelheim aliandika kwamba usonji hutokana na wazazi, hasa mama asiye na upendo. Akina mama wengi walilia bure. Bernard Rimland, mtaalamu aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa ameandika tangu 1964 kwamba chanzo kiko katika mwili, si malezi. Sayansi ilimkubali Rimland.

Hapa Kenya, wengi walisikia ushauri nasaha baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, na tena vituo vya VCT vilipofunguliwa miaka ya 2000.

Sasa, mama, shika haya.

Kwanza, mshauri hatakueleza kila neno la mtoto. Mtoto asipokuwa na siri yake, hatasema. Lakini akisema anataka kujiua, au kuna anayemdhulumu, mshauri hana budi kuchukua hatua ya kumlinda. Mwulize siku ya kwanza atakueleza nini na nini hatakueleza.

Pili, mtoto anaweza kulia au kukasirika zaidi mwanzoni, kwa kuwa kidonda kinasafishwa. Usimwachishe. Mwambie mshauri unachokiona nyumbani.

Tatu, nauli na siku ya kibarua iliyopotea ni shida ya kweli. Usinyamaze ukapotea. Omba siku zipangwe pamoja na safari zako za sokoni au kliniki.

Nne, mtoto akirudi, usimhoji kama polisi. Mpe chakula, kaa naye, msikilize akianza mwenyewe.

Na wewe pia ukichoka, omba kuzungumza na mshauri. Kuachwa kwenye benchi si hukumu, mama. Wazee wetu walijua kwamba mtoto haponi peke yake.