Utu au Ubinadamu? Falsafa ya Kaunda katika Maisha ya Kila Siku

Kila tunapofika kwenye mada ya falsafa za viongozi wa Afrika, swali moja huzuka darasani. Ujamaa wa Mwalimu Nyerere hauhitaji tafsiri, kwani ulizaliwa na jina la Kiswahili. Lakini falsafa ya rafiki na jirani yake, Kenneth Kaunda wa Zambia, ilizaliwa na jina la Kiingereza: Humanism. Je, tuiite utu au ubinadamu? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si la kamusi peke yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Ubinadamu umetokana na binadamu, yaani mwana wa Adamu, neno lenye asili ya Kiarabu. Kila aliyezaliwa na watu ni binadamu, na hata makosa yetu tunayatetea kwa kusema kuwa ni ubinadamu tu. Utu ni neno la Kibantu, lenye mzizi -tu na kiambishi u- cha dhana. Neno hili hupima mwenendo. Mtu anaweza kuwa na kichwa, mikono na miguu kama wenzake, na bado majirani wakasema kwamba hana utu. Wanafunzi wetu wanaojua Kiganda hulilinganisha mara moja na obuntubulamu, na wasemaji wa Kinyanja wana umunthu.

Kaunda alizaliwa mwaka 1924 katika misheni ya Lubwa, karibu na Chinsali, kaskazini mwa Zambia. Baba yake alikuwa mhubiri na mwalimu kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kaunda aliiongoza Zambia tangu uhuru, Oktoba 1964. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, falsafa yake ilifanywa dira ya taifa. Kiini chake ni kwamba mtu ndiye kitovu cha mambo yote. Alikitazama kijiji cha jadi kuwa ni jamii ya kusaidiana, inayompokea kila mtu bila kumpima kwa faida anayoleta. Mzee asiyeweza tena kushika jembe alibaki na nafasi yake, na chakula chake.

Hapa pana jambo la kutafakari sisi walimu wa lugha. Falsafa iliyotoka kijijini ilipewa jina la ofisini. Zambia ilikuwa na sababu zake: lugha saba za wenyeji zilitumika shuleni na redioni, na kuinua moja juu ya nyingine kungeweza kuleta mfarakano. Hata hivyo, neno la kigeni humpa msemaji wake nafasi ya kulifafanua apendavyo. Neno la nyumbani lina mashahidi wengi.

Tukiitazama Zambia kwa kipimo cha utu, tunaona mengi ya kusifu. Wakati wa uhuru nchi ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu kama 100 tu. Wananchi walichanga fedha, mahindi na hata kuku, na Chuo Kikuu cha Zambia kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1966. Zambia iliwapokea wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, ingawa ukarimu huo uliiletea mashambulizi na hasara. Mpaka wake na Rhodesia ulipofungwa mwaka 1973, njia ya kusini ya bidhaa zake ilikatika. Ndiyo maana reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa na umuhimu mkubwa kwake.

Lakini kipimo hicho hicho kinaonyesha pia mapungufu. Hali ya hatari iliyotangazwa Julai 1964, wakati wa mapigano na wafuasi wa Kanisa la Lumpa, ilidumu hadi mwaka 1991. Mwaka 1972 Simon Kapwepwe, rafiki wa Kaunda tangu utotoni huko Chinsali na aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, aliwekwa kizuizini baada ya kuunda chama chake. Mwishoni mwa mwaka huo nchi ikawa ya chama kimoja. Desemba 1986, serikali ilipoondoa ruzuku ya unga wa mahindi uliokobolewa, bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Ghasia zikazuka katika miji ya migodi ya shaba, watu wasiopungua 15 wakauawa, na bei ikarudishwa. Falsafa iliyomweka mtu katikati ilikuwa imefika kwenye sahani ya ugali, na hapo ndipo watu walipoihukumu.

Hata hivyo hatuna budi kutaja mambo mawili ya miaka ya mwisho. Mwaka 1987, wakati viongozi wengi walikuwa wakiuficha UKIMWI, Kaunda alitangaza hadharani kwamba mwanawe mmoja alikufa kwa ugonjwa huo. Na Oktoba 1991, aliposhindwa vibaya na Frederick Chiluba katika uchaguzi wa vyama vingi, alikubali matokeo na kuondoka kwa amani. Alifariki Juni 2021 akiwa na umri wa miaka 97.

Kwa maoni yetu basi, tafsiri inayofaa ni utu. Ubinadamu ungemsamehe Kaunda upesi mno, kwa kuwa kila binadamu hukosea. Utu unamsifu kwa yale ya 1987 na 1991, na unamuuliza kuhusu Kapwepwe na kuhusu unga.

Neno hilo halituachi sisi pia. Mwanafunzi anapokosea upatanisho wa ngeli na darasa zima likamcheka, mwalimu anayecheka pamoja nao anaweza kuwa hodari wa sarufi. Lakini somo la utu atakuwa amelifundisha vibaya siku hiyo, hata kama mada ubaoni ni falsafa ya Kaunda.