Hofu ya mashahidi na kinga iliyomo katika sheria

Mnamo Juni 23, 2016, mwendeshaji bodaboda Josephat Mwenda aliondoka katika mahakama ya Mavoko, Machakos, akiandamana na wakili wake, Willie Kimani. Mwenda alikuwa amelalamika kwamba afisa wa polisi alimpiga risasi. Wawili hao hawakufika nyumbani, wala dereva wa teksi aliyewabeba, Joseph Muiruri. Siku chache baadaye miili yao ilitolewa mtoni, karibu na Ol Donyo Sabuk. Ilichukua hadi Julai 2022 kwa Mahakama Kuu kuwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao. Mmoja wa maafisa hao alihukumiwa kifo Februari 2023.

Anayekumbuka kisa hicho hawezi kumlaumu sana jirani aliyeona kila kitu, kisha akawaambia wapelelezi kwamba alikuwa amelala.

Kisheria, jirani huyo hana hiari. Akikaidi samansi, hakimu aweza kutoa kibali akamatwe. Akifika na kukataa kula kiapo au kujibu maswali, aweza kuwekwa rumande kwa muda usiozidi siku nane huku kesi ikiahirishwa. Lakini siku nane ni kitu gani kwa mtu anayehofia kuuawa? Aghalabu shahidi aliyeshurutishwa huikana taarifa yake. Hapo kiongozi wa mashtaka hulazimika kuomba idhini ya kumhoji shahidi wake mwenyewe kama mhasama, na ushahidi wa namna hiyo huwa na uzito mdogo.

Sheria ya Kulinda Mashahidi ilipitishwa 2006 na kuanza kutumika 2008, chini ya Mwanasheria Mkuu. Kasoro ilikuwa bayana: aliyeishtaki serikali angelindwa na serikali hiyo hiyo. Marekebisho ya 2010 yaliunda shirika huru la kuwalinda mashahidi.

Ulinzi wenyewe una viwango. Mahakama yaweza kusikiza ushahidi faraghani, kuficha jina la shahidi, au kumruhusu atoe ushahidi kupitia video. Hatari ikizidi, shirika hilo humpa walinzi, humhamisha au hata kumbadilishia utambulisho, baada ya kutia sahihi makubaliano. Hiyo si zawadi. Anayehama huacha shamba, biashara na mazishi ya wazazi wake.

Hata mahakama za kimataifa hazijasalimika. Mnamo Aprili 5, 2016, majaji wawili kati ya watatu wa ICC walisitisha kesi ya William Ruto na Joshua Sang, waliokanusha mashtaka yote, baada ya mashahidi kadhaa kujiondoa au kubadili ushahidi.

Lililo gumu zaidi ni kwamba mshtakiwa naye ana haki. Kifungu cha 50 cha Katiba chamruhusu kufahamishwa mapema ushahidi utakaotolewa dhidi yake. Kwa hiyo anayehofia maisha yake hana budi kumweleza mpelelezi siku anapoandikisha taarifa, kabla nakala yake haijafika kwa upande wa utetezi.