Mwendo wa Mtu na Hali ya Moyo Wake

Bila shaka, msomaji, umepata kuketi barazani wakati wa magharibi ukamtambua jamaa yako kwa mwendo, kabla hujauona uso wake. Pengine ulitambua pia kama arudi na heri au arudi na msiba. Lugha yetu yalijua jambo hili tangu zamani: mwenye fahari huenda kwa matao, mwenye hofu hunyata, mwenye majonzi hujikokota. Lakini ilipita zaidi ya karne moja ya uchunguzi kabla mwendo wa huzuni haujapimwa.

Mwaka 1867 Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipeleka maswali 16 kwa watu waliokaa nchi za mbali. Alitaka kujua kama binadamu wote huonyesha hisia zao kwa namna moja. Je, mtu aliyeghadhibika hukunja uso, akasimama wima, akatanua mabega na kufumba ngumi? Majibu 36 yalimfikia. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo Mwafrika, Christian Gaika, ndugu wa chifu Sandile wa Waxhosa, aliyeandika kwa Kiingereza maoni yake juu ya watu wake mwenyewe. Nafurahi kila nikumbukapo habari hiyo, kwa maana siku zile Waafrika walizoea kuandikwa, si kuandika.

Kitabu cha Darwin kilitoka mwaka 1872, lakini kilishughulika na uso kuliko miguu. Si ajabu. Uso waweza kuchorwa, bali hatua ikisha kupita imepita. Dawa ilikuwa picha. Mwaka 1882 Étienne-Jules Marey wa Ufaransa alibuni kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja. Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Uswidi alionyesha ajabu nyingine. Aliweka alama za mwanga kwenye viungo vya mtu, mabegani, viwikoni, magotini na kwingineko, akapiga filamu ambayo ndani yake vinukta hivyo tu vilionekana. Viliposimama, havikuwa na maana yoyote. Vilipoanza kwenda, watazamaji walimwona mara moja binadamu atembeaye.

Hatimaye, mwaka 2009, Johannes Michalak na wenzake huko Ujerumani walipima mwendo wa wagonjwa wa sonona, yaani huzuni iliyogeuka kuwa maradhi. Walikwenda polepole kuliko wenye afya, na mikono yao haikupunga sana. Vichwa vyao havikupanda na kushuka sana kwa kila hatua. Bali viwiliwili viliyumba upande huu na upande huu, na migongo iliinama.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mvulana mmoja aliyechelewa gwaride kila asubuhi. Alivuka uwanja akiburura miguu, mikono imemlegea, nami nikamwita mvivu mbele ya wenziwe. Baadaye nikaambiwa kwamba kwao walikuwa wamezika. Macho yangu yaliona sawasawa. Jina nililoupa mwendo ule ndilo lililokuwa la uongo. Nami kweli sikumwuliza. Hatua nzito yaweza kutokana na njaa, na homa, hata na kiatu kinachobana.

Siku ya pili nilimngoja langoni, tukauvuka uwanja pamoja, kwa mwendo wake.